Uimpresionisti mamboleo: mto, mashua na rangi zisizochanganywa

Uimpresionisti mamboleo ni mtindo wa uchoraji ulioanzia Ufaransa katikati ya miaka ya 1880. Jina hilo lilitolewa mwaka 1886 na mhakiki Félix Fénéon, baada ya kuona kazi za Georges Seurat, Paul Signac na wenzao. Waimpresionisti wa kwanza walikuwa wakiuwahi mwanga kwa brashi ya haraka kabla haujabadilika. Hawa wa mamboleo walitaka jambo lilelile, ila kwa hesabu na subira.

Wengi huuita mtindo huu "uchoraji wa vitone", na Signac hakulipenda jina hilo. Kwake kitone kilikuwa chombo tu; jambo lenyewe ni kuzitenganisha rangi. Mchoraji hakorogi buluu na njano kwenye kibao apate kijani cha majani. Anaziweka rangi safi kando kwa kando juu ya turubai, na jicho la mtazamaji ndilo linaloziunganisha.

Chukua mchoro wa Seurat wa mwaka 1888, *Mto Seine huko La Grande Jatte* (kisiwa cha mto huo karibu na Paris); mchoro huo upo Brussels. Ni turubai isiyofika mita moja kwa upana: ukingo wenye majani, mti, mashua yenye tanga jeupe, na mtu anayepiga makasia. Ukisogea karibu, vitu hivyo vinavunjika kuwa vitone. Nyasi za juani hupewa njano na chungwa juu ya kijani. Zilizo kivulini huingizwa buluu na zambarau. Cheusi cha kutilia kivuli hakihitajiki.

Wazo hili la kuweka rangi kando kwa kando lilitoka kiwandani. Mkemia Michel Eugène Chevreul alisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, ambako watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akagundua kwamba rangi haikuwa na kasoro yoyote. Ni rangi za jirani zilizoifanya ionekane dhaifu. Kitabu chake kuhusu mambo hayo kilitoka mwaka 1839, na Seurat alikisoma.

Je, jicho huziunganisha rangi kweli? Si kabisa, kwa maoni yangu. Buluu na njano zikikaa pamoja kwa vitone vidogo mno huelekea kijivu, si kijani kikali. Uzuri uko pale ambapo vitone bado vinaonekana kidogo, ndipo maji yanapometameta.

Kazi hiyo ilikula muda. Camille Pissarro alijiunga nao, kisha akaiacha baada ya miaka michache, akiona inamfunga mikono. Seurat alifariki mwaka 1891 akiwa na miaka 31. Signac, aliyekuwa baharia hasa mwenye mashua zake mwenyewe, aliendelea kuchora bandari na matanga hadi miaka ya 1930, ila vitone vyake vilikuwa vimeshanenepa, vikawa vipande vya mraba.