Gari dogo la familia mjini Tabora: yanayosemwa na yaliyo kweli

Familia nyingi za Tabora zinazotafuta gari lililotumika huanza kwa kuuliza bei, rangi na namba, na ni chache zinazoanza kwa kuuliza nani atakaa wapi. Ningeshauri swali hilo litangulie: watoto watatu wa kupelekwa shule kutoka Ipuli au Isevya, bibi mwenye maumivu ya magoti anayehudhuria kliniki Kitete, na gunia la mahindi litakaloletwa kutoka Urambo baada ya mavuno. Maneno mengi ya madalali hupoteza uzito yakipimwa kwa mahitaji hayo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba gari la namba E, yaani lenye kibao ambacho herufi zake tatu zinaanza na E, ni jipya kuliko la namba D. Herufi zile hufuata mpangilio wa usajili hapa nchini na hazisemi lolote kuhusu mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo Toyota IST ya mwaka 2004 iliyochelewa kuingizwa nchini inaweza kubeba namba E, wakati Vitz ya mwaka 2010 iliyotangulia kusajiliwa inabaki na namba D. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, pamoja na namba ya chesisi na namba ya injini, ambazo lazima zilingane na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Namba mpya ina faida moja tu ya kweli, nayo ni kuonyesha kwamba gari halijatembea muda mrefu katika barabara zetu.

Kilomita chache kwenye dashibodi nazo huaminiwa kupita kiasi, ingawa zinaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye kifaa. Pedali iliyolika, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea husema ukweli zaidi. Hata pale kilomita zilipo sahihi, gari lililotumika Dar es Salaam limekaa foleni saa nyingi huku injini ikiunguruma na kilomita haziongezeki. Angalia pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira uliozeeka ni hatari hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Kuhusu mafuta, wengi huamini kwamba injini ndogo hula kidogo popote pale. Kwa safari fupi za mjini, Passo yenye injini ya cc 996 hubana matumizi kweli. Lakini ipakie watu watano na mizigo, uielekeze Nzega kwa mwendo wa barabara kuu, nayo italazimika kukanyagwa muda wote, hasa inapotaka kulipita lori, na tofauti yake na injini ya cc 1,300 au 1,500 hupungua sana. Familia inayosafiri nje ya mji kila mwezi haipaswi kuiogopa cc 1,500 ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, ambayo imo katika IST, Raum, Probox na Sienta, kwani kwa sababu hiyo vipuri vyake vingi huingiliana na mafundi wengi wanaifahamu.

Wapo pia wanaonunua gari dogo linaloendeshwa na magurudumu manne wakidhani limeinuka zaidi. Mfumo huo husaidia tairi zinapoteleza kwenye mchanga au tope, lakini haubadilishi tatizo la tumbo la gari kukwaruza. Kuliinua kwa spesa, yaani vipande vinavyoongezwa kwenye springi, huchosha viungo vya ekseli za mbele. Kipimo kizuri ni kwenda kulikagua pamoja na familia nzima, wote wakae ndani, kisha utazame nafasi iliyobaki chini ya buti.

Dhana ambayo ningependa iondoke kabla ya nyingine zote ni kwamba mtoto akipakatwa na mama yake kwenye kiti cha mbele yuko salama. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 130, na hakuna mikono inayoweza kumzuia. Mfuko wa hewa (airbag) ukifunguka, humkuta yeye kwanza. Kwa hiyo hesabu mikanda ya nyuma inayofanya kazi, pamoja na ule wa katikati, kabla hujasifia redio. Vigari vya cc 660 vimeundwa kwa watu wanne tu, dereva akiwemo. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka unapofungua swichi kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa ili kuficha hitilafu.

Viti saba vya Sienta navyo si jibu la kila familia, kwa sababu safu ya tatu ikikaliwa, gunia halina pa kukaa. Kwa bibi, Raum yenye milango ya nyuma ya kuteleza na sakafu iliyo chini inafaa zaidi.

Kwenye giaboksi, usikubali kuambiwa kwamba oili ni ile ile. IST nyingi za toleo la pili, lililotoka mwaka 2007, hutumia CVT, yaani giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ambayo huharibika ikiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida.

Wengine huridhika na mkataba uliosainiwa mbele ya wakili. Mkataba huo ni muhimu, lakini kadi hubaki na jina la muuzaji hadi umiliki uhamishwe TRA, na faini za barabarani zisizolipwa husomeka kwa namba ya gari hata likibadilisha mikono. Zikague faini hizo kabla ya kutoa fedha, mlete fundi uliyemchagua mwenyewe, mwombe aiwashe injini asubuhi ikiwa baridi, na kiasi kilichobaki kilipwe siku ya kuhamisha umiliki.