Darasa la baiskeli za ndani: maana yake na faida zake kwa afya

Darasa la baiskeli za ndani ni mazoezi ya pamoja ambapo watu hupanda baiskeli zisizotoka mahali zilipo, wakakanyaga kwa kumfuata mwalimu mmoja, muziki ukipigwa, kwa dakika 45 hivi hadi saa nzima. Hakuna anayefika popote, na hakuna anayeachwa nyuma. Mzee wa miaka 60 na kijana anayejiandaa kwa mashindano wanaweza kukaa bega kwa bega, kila mmoja na mzigo wake, wakamaliza pamoja.

Baiskeli yenyewe ina gurudumu zito la chuma, na katika nyingi pedali zimeungwa nalo moja kwa moja. Gurudumu likizunguka, miguu nayo inazunguka, utake usitake. Chini kidogo ya usukani kuna kirungu: ukikizungusha upande mmoja unaongeza uzito, na huo ndio “mlima”, ukikilegeza umerudi tambarare, ukikibonyeza, gurudumu linasimama. Aliyeueneza mtindo huu ni Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi California mwishoni mwa miaka ya 1980, naye aliupa jina la kibiashara la Spinning.

Anayefaidi kwanza ni moyo. Mwalimu hawaachi watu wakanyage kwa mwendo mmoja. Anawapandisha mlima, anawapa mbio fupi, anawaacha wapumue, kisha anaanza tena. Kwa mazoezi ya namna hiyo moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ndiyo maana baada ya wiki kadhaa mapigo ya mtu aliyetulia huwa machache kuliko zamani, na ngazi zilizokuwa zikimfanya atwete anazipanda huku akiongea. Presha nayo hushuka kiasi. Sukari ina habari yake: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kuisubiri insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye seli), na misuli ya mapaja na makalio, ambayo ndiyo inayokanyaga, ni miongoni mwa mikubwa kabisa mwilini.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate kwa wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi makali. Vipindi viwili kwa wiki vinakufikisha huko au karibu na huko.

Magoti pia hupata nafuu, kwa kuwa mguu hauondoki kwenye pedali na hivyo haugongi chini kama mtu anayekimbia. Ila faida hiyo ina upande wa pili: mifupa huimarika kwa kubeba uzito wa mwili, na hapa uzito umebebwa na kiti. Anayeendesha baiskeli tu aongeze kutembea au kunyanyua vyuma. Na wa kupunguza unene asiamini sana tarakimu za kalori kwenye kioo cha baiskeli. Hayo ni makadirio, na mara nyingi ni ya ukarimu.

Lakini hayo yote mtu angeyapata peke yake chumbani. Kinachoongezwa na darasa ni watu. Mwaka 1898 Norman Triplett, mwanasaikolojia wa Marekani, alichambua kumbukumbu za mashindano ya baiskeli na kuona kwamba waendeshaji walikuwa wepesi zaidi wanapokuwa na wenzao kuliko wanaposhindana na saa tu. Mtu akiwa peke yake, dakika ya 20 humwambia inatosha. Akiwa darasani, wa kushoto anakanyaga, wa kulia anakanyaga, naye anaona haya kushuka. Isitoshe kipindi kina saa yake na wenzio watauliza ulikuwa wapi juzi. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana mazoezi humfaa anayerudi.

Nguvu hiyo hiyo ya kundi inaweza kumuumiza mgeni. Madaktari wameeleza visa vya watu waliohudhuria darasa lao la kwanza, wakajikaza kuwafuata wazoefu, kisha misuli ya mapaja ikavunjika na kumwaga protini yake kwenye damu. Hali hiyo huitwa rabdomiolisisi, na inaweza kuharibu figo. Uchovu wa kawaida wa mapaja hupoa baada ya siku chache; mapaja yakivimba, maumivu yakizidi na mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwalimu akisema “ongeza”, ni ruhusa, si amri. Kipimo rahisi kwa wiki za mwanzo ni kuweza kusema sentensi fupi bila kukatika pumzi. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayebanwa kifua akijitahidi, amwone daktari kabla ya kujiandikisha.

Fika mapema urekebishiwe baiskeli. Simama kando yake: kiti kiwe usawa wa nyonga. Ukishapanda, pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi hutokana na kiti kuwa chini mno, na nyonga zinazoyumba huku na huku hutokana na kiti kuwa juu kupita kiasi.