Benzi kuukuu chini ya mwembe: tunayoambiwa, na yaliyomo ndani ya boneti

Fungua boneti la Benzi kuukuu mchana kweupe pale Kanyenye, hapa Tabora, uone. Hazipiti dakika kumi umeshazungukwa na watu watano, kila mmoja na hukumu yake. "Themostati toa, hapa siyo Ujerumani." "Gari hizi haziguswi bila kompyuta." "Mzee, uza chuma chakavu ununue Toyota IST." Langu ni Mercedes-Benz 300E, bodi ya W124, la mwaka 1988, injini M103 ya silinda sita. Nikipiga hesabu ya pesa niliyoitupa tangu nilinunue, spea zimekula kidogo tu. Nyingi imeliwa na ushauri wa hao watano.

"Themostati ni ya nchi za baridi"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na hapa Tabora na jua letu inaaminika kama dini. Gari likichemsha, kitu cha kwanza fundi anachong'oa ni themostati, ile vali inayosimamia joto la maji ya injini. Langu nililikuta limeshang'olewa. Barabara ya Nzega nikitembea vizuri, sindano ya joto inalala chini ya 80. Nikirudi mjini, nikikwama karibu na soko, inapanda mpaka roho inaruka. Nilibadilisha rejeta, haikusaidia kitu.

Ukweli ni kwamba themostati ya injini hii ina kazi mbili. Ina sahani ya juu na sahani ya chini. Injini ikiwa ya baridi, sahani ya juu inaziba njia ya kwenda kwenye rejeta, na maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato. Joto likifika nyuzi 80 hivi, sahani ya juu inaanza kufunguka huku ile ya chini ikishuka kuiziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote: maji ya moto mengine yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Yaani umetoa kifaa ili gari lisichemshe, na kukitoa huko ndiko kunakolichemsha. Na safari ndefu injini ikibaki baridi mno, inakula petroli zaidi na kuchakaa mapema.

Kabla ya kufunga themostati mpya niliipima nyumbani. Sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, themostati nimeining'iniza kwa uzi isiguse chini (ikigusa inapata joto la sufuria badala ya joto la maji), na kipimajoto pembeni. Mama watoto alipita akauliza kama hiyo supu itahitaji ndimu. Kwenye 80 na kitu ikaanza kusogea taratibu, sprini yake ikajibana, sahani ya chini ikashuka kama kidole kinachobonyeza kengele. Ukiona imekaa kimya mpaka maji yanatokota, usiifunge hata kama imetoka kwenye boksi jipya.

Na kutokota kwenyewe kuna hesabu yake hapa kwetu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji kwenye sufuria yanachemka karibu na nyuzi 96, hayafiki 100. Ndani ya gari yanavumilia mpaka yanapita 120 kwa sababu ya mfuniko wa tangi la maji, ule ulioandikwa 140, maana yake unashikilia presha ya bar 1.4. Mpira wa mfuniko huo ukikatika, gari linachemsha na watu wanasema gasketi ya hedi imeungua. Anza na mfuniko. Ila usiufungue injini ikiwa ya moto. Mvuke ule hauna msalie Mtume.

"Kulanti ya nini, weka maji tu"

Wanaosema hivi wanafikiri kulanti ni dawa ya barafu. Barafu hatuna, sawa. Lakini bloku ya M103 ni chuma na hedi yake (kichwa cha injini) ni aluminiamu, na metali mbili tofauti zikikaa kwenye maji matupu zinakula polepole. Kulanti ina dawa ya kuzuia huko kuliwa. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, tunashukuru, yaoshee gari. Kwenye rejeta weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotolewa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi.

"Umeme wa Benzi ni kompyuta tupu"

Siku moja taa ya ABS (breki zisizojifunga) iliwaka, na hapo hapo gari likakosa sailensa, yaani mngurumo wa kusimama: nikisimama linatetemeka na kutaka kuzima, nikikanyaga linaitika. Gereji moja (jina silitaji) waliniambia kontroli boksi imekufa, nitafute nyingine Dar. Nikauliza wamepimaje. Wakasema kwa uzoefu.

W124 haina ile soketi ya pini 16 ya kuchomeka mashine ya kupimia iliyozoeleka kwenye magari ya sasa. Kile kifaa cha bluutuuthi cha simu usikinunue, huna pa kukichomeka. Badala yake, nyuma ya betri kuna kikopo cha aluminiamu chenye kifuniko kidogo cha plastiki na fyuzi ya ampea 10 juu yake. Ni relei ya kuzuia umeme kuzidi. Ndiyo inayoipa umeme kompyuta ya petroli pamoja na ABS, ndiyo maana vikaumwa siku moja. Fyuzi ikiwa nzima, chomoa relei, fungua kikopo, geuza ubao. Nilitumia kamera ya simu kukuza picha: kuzunguka mguu mmoja wa pini palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, duara kamili. Risasi ya kuchomelea ilikuwa imeachia. Niliichomelea upya, kazi ya dakika tano, taa ikazima na sailensa ikarudi. Hiyo ni huduma ya kwanza, lakini. Baadaye niliagiza relei mpya.

Na kabla hata ya relei, fungua boksi la fyuzi. Zile fyuzi ndefu zenye ncha huota ukungu mweupe na kukataa kupitisha umeme bila kukatika. Zizungushe kwa kidole kila moja. Zile za shaba hudumu kuliko za aluminiamu.

"Moshi wa bluu? Shusha injini"

Asubuhi ukiwasha linatoa moshi wa bluu sekunde chache kisha linatulia: kwa M103, wa kwanza kushukiwa ni sili za valvu, vipira vidogo vinavyokauka kwa umri na kuachia oili ishuke kwenye silinda. Vinabadilishwa bila kufungua hedi. Unajaza hewa ya presha kwenye silinda ili valvu isidondoke. Oili nzito haivilainishi. Moshi ukiwa haukatiki muda wote, hapo sawa, pima komprisheni (mgandamizo wa silinda) ndipo uanze kulia.

Gia boksi nayo ina uzushi wake, kwamba oili yake ni ya maisha. Hii ya otomatiki ya gia nne inataka oili mpya na filta kila kilomita 60,000. Pima ikiwa ya moto, injini inaunguruma, gia ipo P (ya kuegesha). Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti ni kama lita 0.3 tu, kwa hiyo mimina kwa kikombe, usimimine kwa galoni. Oili ya breki vilevile: inavuta unyevu hewani, na kila baada ya miaka miwili ibadilishwe, hata kama rangi bado inakupendeza.

Kuhusu spea kutopatikana, mara nyingi tunaagiza vibaya. Usiseme Kariakoo "nataka ya Benzi". Taja namba. Tarakimu tatu za mwanzo zinakuambia kitu ni cha nani: 124 ni cha bodi hii, 103 ni cha injini hii. Muuzaji akisikia namba hakuletei ya 190E, Benzi nyingine. Ukiandika kwenye karatasi, ukaipiga picha na kumtumia, basi la kesho linakuletea kitu chenyewe.

Kuna jambo ambalo huku kwetu hata hao watano hawalisemi, nalo ni majani ya miembe. Gari likilala chini ya mwembe, majani yanajaa chini ya waipa, yanaziba mifereji, na mvua za Desemba zinaingia ndani mpaka kwenye feni ya hewa. Dakika mbili za mkono na waya laini kila mwezi.

Ukibadilisha bushi za nyuma, usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Ziguse tu, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze. Vinginevyo mpira unabaki umejipinda na kukatika mapema. Boliti za tairi hukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 110. Spana ndefu ya kukanyagia kwa miguu ni ya trekta.

Sprini sizigusi. Sprini ya mbele ya W124 inabanwa kwa kibano maalumu kinachoingia ndani yake; vile vya kulabu vya nje vikiteleza vinaweza kuua mtu. Hiyo nampelekea fundi wa Isevya mwenye kibano chake, nakaa kwenye benchi nakunywa chai.