Msiniombe tena niikate Babbacombe Lee

Jumamosi imetokea tena. Kijana kaingia na santuri kaifungia kwenye mfuko wa kitambaa, kaiweka mezani kwa adabu zote, halafu kanyoosha flashi. "Shikamoo fundi. Nihamishie hii, ila unikatie nyimbo mojamoja, kila moja uiandike jina lake. Ile ya kunyongwa itangulize mwanzo, ndiyo nzuri. Zile za katikati za kujazia ziache."

Nikaitoa kwenye jalada. Babbacombe Lee ya bendi ya Kiingereza Fairport Convention, ya mwaka 1971. Huyu ni wa tano sasa kuniletea albamu ya kisa kimoja na kuniomba niifanye mishikaki. Nimechoka kulieleza jambo hili mdomoni, mmojammoja, huku mashine inazunguka. Naliandika hapa, na atakayekuja tena nitampa simu asome akisubiri.

Kazi yangu ni kuhamisha santuri kwenda kwenye kompyuta. Naziosha, nazipiga, narekodi, nasafisha mikwaruzo, kisha nakukabidhi mafaili. Kukata nyimbo ni sehemu ya kazi hiyo na kwa santuri nyingi nakata bila kuuliza. Santuri ya dansi yenye nyimbo nane, hiyo ni nyimbo nane. Kata, andika jina, maliza. Lakini imani kwamba kila albamu ni kikapu, unachagua embe lililoiva na mengine unayaacha, ndiyo inayonikera, kwa sababu kuna albamu ambazo hazikuwa kikapu hata siku moja.

Tuanze na majina, maana ndipo tulipokwaruzana. Kijana alitaka niyaandike kama yalivyo kwenye jalada. Kwenye jalada la toleo la kwanza la Uingereza hayamo. Badala ya orodha ya nyimbo, waliandika sentensi ndefu zinazosimulia kisa hatua kwa hatua: utoto wa John Lee, mwenye kisa, jinsi alivyoingia nyumba ya bibi Keyse, mwajiri wake, alivyovutana na wazazi mpaka wakamruhusu kwenda baharini, ugonjwa uliomrudisha nchi kavu, mauaji, mahakama, chumba cha waliohukumiwa kufa, ndoto. Sentensi moja inabeba nyimbo mbili, tatu, hata nne. Majina mnayoyaona mtandaoni mimi siyakatai, yanasaidia watu kuelewana. Lakini bendi ilipoketi kuamua msikilizaji ashike nini mkononi sindano ikishuka, ilimpa kisa. Ukinidai majina unanidai kitu ambacho wao kwa makusudi hawakukiweka.

Kisa chenyewe ni cha kweli. John Lee alizaliwa mwaka 1864 Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, mtoto wa watu maskini. Alifanya kazi za ndani kwa mwanamke mzee aitwaye Emma Keyse, kwenye nyumba iliyoitwa The Glen, ufukweni Babbacombe karibu na Torquay. Akaingia jeshi la majini, akaugua, akaachishwa. Akaiba kwa mwajiri mwingine, akafungwa, akatoka, bibi Keyse akampokea tena. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1884 bibi huyo aliuawa, akapigwa kichwani, akakatwa koo, na nyumba ikatiwa moto. Lee alikuwa mwanaume pekee ndani na alikuwa na jeraha mkononi. Akahukumiwa kunyongwa.

Tarehe 23 Februari 1885, gereza la Exeter, mnyongaji James Berry alimsimamisha Lee juu ya mlango wa sakafuni, akamfunika kichwa, akamvisha kitanzi, akavuta wenzo. Mlango haukufunguka. Wakamwondoa, wakaujaribu bila mtu, ukafunguka vizuri. Wakamrudisha. Haukufunguka. Wakaukagua tena, wakamrudisha mara ya tatu, na mara ya tatu mbao zikakataa. Shughuli ikasimamishwa, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir William Harcourt, akabadili adhabu kuwa kifungo cha maisha. Lee alitoka mwaka 1907.

Dave Swarbrick, mpiga fidla wa bendi, ndiye aliyeiokota habari hii kwenye duka la vitu vya kale, kwenye karatasi za zamani za gazeti zenye maisha ya Lee. Bendi ilikuwa imebaki na watu wanne: yeye, Simon Nicol wa gitaa, Dave Pegg wa besi na Dave Mattacks wa dramu. Walirekodi Sound Techniques, London, na John Wood. Wanaosema kwamba alipoondoka mwimbaji Sandy Denny, kisha mpiga gitaa Richard Thompson, hapakubaki kitu, wanapenda Liege & Lief, albamu yao ya awali, nami naipenda. Hiyo ni hoja ya kitu kingine. Sina muda nayo leo.

Sasa njoo kwenye makasi. Karibu na mwanzo wa upande wa kwanza kuna wimbo ambao matoleo ya baadaye yanauita "I Was Sixteen", kwamba nilikuwa na miaka kumi na sita. Angalia orodha yoyote utaona kitu cha ajabu: una sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na katikati yake kumechomekwa wimbo mwingine, "John My Son". Kijana anaanza kusema habari zake, nyumbani kunaingia kati kwa mzigo wake wa wazazi, ndipo kijana anapata nafasi ya kuendelea. Ndivyo mabishano ya nyumbani yalivyo duniani kote. Mtoto hamalizi sentensi yake. Anakatwa, anasikiliza, anarudi na ile sentensi akiwa tayari si yule aliyeianza.

Nikikata hapo nakupa nini? Faili la kwanza linaishia hewani. La pili ni maneno ya nyumbani yasiyo na mtoto wa kuambiwa. La tatu linaanza kama mtu aliyeingia chumbani akiendeleza mazungumzo usiyoyajua. Halafu unaziweka kwenye simu, kitufe cha kuchanganya nyimbo kimewashwa, katikati ya kijana na wazazi wake inaingia taarabu ya harusi, na jioni unaniambia, "Fundi, albamu yenyewe ya kawaida tu." Albamu gani uliyoisikia wewe?

Sisi watu wa pwani ndio tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Nani amewahi kuchomoa beti sita za utenzi akasema hizi ndizo nzuri, nyingine za kujazia? Kina cha bahari, yaani kile cha mwisho wa kila ubeti, kinateremka kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ubeti baada ya ubeti, na sikio linakingoja hata mahali ambapo maneno yenyewe ni ya kuvukia tu. Ubeti wa kuvukia una kazi. Ukiuondoa, unaofuata unatua vibaya. Albamu hii si utenzi, haina kina kimoja, ila usikivu unaotakiwa ni uleule: kaa, vaa subira, usiruke.

Na hizo "za kujazia" alizozitaja kijana nazijua. Ya kwanza haina maneno: miziki miwili ya kucheza imeunganishwa, fidla mbele. Ya pili ni "Sailor's Alphabet", wimbo wa zamani wa mabaharia unaopita herufi baada ya herufi, na karibu kila herufi ni kitu cha melini. Kijana aliuita wimbo wa chekechea. Nilimwomba asome sentensi ya jalada iliyo juu ya nyimbo hizo mbili. Inasema hicho ndicho kipindi cha furaha kuliko vyote katika maisha ya Lee. Basi fikiri wewe ndiye mtunzi. Una kijana atakayesimamishwa juu ya mbao mara tatu. Utamwonyeshaje msikilizaji kile alichonyang'anywa? Ungeweza kuandika wimbo wa kulalama. Wao walimpa kijana kamba, nanga, tanga na wenzake, wakamwacha aviimbe kwa mpangilio kama mtoto anayehesabu vitu vyake vipya. Hakuna hata neno moja la huzuni. Ukifika upande wa pili, kwenye chumba kisicho na kitu, vitu vile vyote unavikumbuka kwa sababu ulivihesabu naye. Ndiyo maana siukati. Na muziki usio na maneno usitushangaze, mbona taarabu ikifunguliwa kwa bashrafu hatusemi waimbaji wamechelewa?

Jambo la pili ninaloambiwa, tena na watu wazima: "Lakini mwisho tunaujua, si hakufa?" Ndiyo, mnaujua. Bendi nayo ilijua mnaujua. Swali la albamu si kama atakufa. Lee mwenyewe alisimulia kwamba usiku wa kuamkia siku ya kunyongwa aliota mti wa kunyongea unakataa kumuua. Bendi ikaiweka ndoto hiyo kabla kabisa ya asubuhi. Yaani hata mahali ambapo wangeweza kukuficha mwisho, wanakuambia waziwazi, halafu wanakufanya upande ngazi pamoja na mtu ambaye ameshaota lakini hana namna ya kujua kama ndoto ni kweli. Wewe unajua. Yeye ana ndoto tu. Mwanya huo kati yako na yeye ndio wimbo wa mwisho mzima, na aliyeanza na wimbo wa mwisho hana mwanya huo, ana habari ya mbao mbovu.

Kuhusu mbao zenyewe nitasema kidogo kwa kuwa mimi ni mtu wa mashine. Wapo wanaosema mvua ilizivimbisha, wapo wanaosema mkono wa Mungu. Uchunguzi wa serikali uligundua kwamba mtambo ulipohamishwa ndani ya gereza, kutoka zahanati ya zamani kwenda banda la magari ya farasi, fito ya kuvutia haikurudishwa sawasawa kabisa, ikapinda kidogo, na bawaba zikawa zinakwama. Mlango ulifunguka ukiwa mtupu, ukakataa ukiwa umebeba mtu. Nimeshawahi kuhangaika siku nzima na sahani ya gramafoni inayozunguka barabara ikiwa tupu na kuburuta mara tu santuri inapokaa juu yake. Mzigo unabadili kila kitu. Sababu hiyo mimi inanitosha, na haijanipunguzia hata chembe ya kile ninachohisi wimbo ule ukipigwa.

Kuna mambo kwenye albamu hii ambayo hayajakaa sawa moyoni mwangu, na sitayaficha kwa kuwa naitetea. La kwanza ni Emma Keyse. Albamu inasimama na Lee kuanzia mwanzo. Inamwona kama mtu aliyetazama kesi yake mwenyewe kwa bumbuwazi, karibu bila kuruhusiwa kusema. Inawezekana alikuwa hivyo. Inawezekana pia ndiye aliyemuua mwanamke mzee aliyempokea alipotoka jela. Mpishi wa nyumba ile, Elizabeth Harris, ndugu yake wa mama mmoja, alitoa ushahidi dhidi yake. Naisikiliza miaka yote hii na bado nashindwa kusema naimba pamoja na nani. Bibi Keyse hapewi sauti yake. Kuna siku nasema huo ndio ukweli wa kisa kilichosimuliwa na mtuhumiwa, kila kitu kinapita machoni pake. Kuna siku nasema wangemwachia japo ubeti mmoja.

La pili ni ile miaka ishirini na miwili ya jela, 1885 hadi 1907. Albamu inaishia kwenye mti wa kunyongea. Mtu aliyeokoka kifo asubuhi moja akaingia gerezani akiwa na miaka 20 na kutoka akiwa amepita 40, na hatusikii neno. Nimejaribu kujishawishi kwamba ukimya ule ni wa makusudi. Sijafaulu.

La tatu ni dogo. Kuna sehemu ya kusomwa kwa habari ya gazeti. Mara ya kwanza inakushika koo. Mara ya kumi unatamani kuinyanyua sindano. Mimi siinyanyui, kwa sababu baada ya sauti ile kavu, sauti ya kuimba inaporudi inakuwa kama maji, lakini anayeinyanyua simgombezi.

Mwaka 2011 Fairport waliizungusha albamu hii jukwaani, wakaipiga nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na rekodi ikatoka mwaka uliofuata. Waliokuwapo 1971 walikuwa wawili, Nicol na Pegg. Kama wenyewe, baada ya miaka arobaini na wakiwa na kila sababu ya kuchagua tatu nzuri, hawakuikata, mnanitaka mimi ndiye niikate?

Kijana nilimketisha kwenye benchi. Nikaiosha santuri, nikaipiga upande wa kwanza wote, yeye akiwa na simu mkononi. Herufi za mabaharia zilipofika alikuwa ameiweka simu kifudifudi juu ya goti. Hakusema kitu, nami sikumwuliza.

Nitamkabidhi mafaili mawili: "Upande wa kwanza" na "Upande wa pili". Sentensi za jalada nimezipiga picha, nimezitia humohumo kwenye flashi. Kuna mkwaruzo mrefu kwenye ile ndoto, unalia tik, tik, tik kila mzunguko, na programu ikiufuta inafuta na pumzi ya mwimbaji. Nauondoa kwa mkono, tiki mojamoja. Mdogo wangu, kama unasoma hapa, usije Jumatano. Njoo Ijumaa baada ya swala.