Dawa ya kukinga kipandauso si dawa ya kuzuia maumivu

Dawa ya kukinga kipandauso (maumivu makali ya kichwa yanayojirudia) humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume, ili siku za maumivu zipungue idadi na ukali. Haikuwekwa kutuliza kichwa kinachogonga saa hii. Maana yake ni hiyo tu, na ingetosha lau si neno "kuzuia".

Mtu ameanguka na bodaboda, amepata mtikisiko wa ubongo, na wiki kadhaa baadaye kichwa bado kinampanda. Anaandikiwa amitriptilini, mojawapo ya dawa hizo za kukinga, na kuambiwa ni "dawa ya kuzuia". Lakini dukani, dawa ya kuzuia maumivu ni Panadol au diklofenaki! Basi anaitunza mfukoni, anaimeza kichwa kikianza, analala fofofo, anaamka na kichwa kilekile, kisha anatangaza kuwa dawa haifai. Kumbe hajaitumia.

Kosa si lake peke yake. Kuzuia kuna pande mbili: askari aliyemkatalia mwizi mlangoni amemzuia, na aliyemdaka akiwa sebuleni amemzuia pia. Kukinga hakuna utata huo. Anayekinga maji ya mvua hutega ndoo mapema. Mvua ikishakatika, hakuna cha kukinga. Ila kinga nayo imezoeleka mno kwenye chanjo, hata wengine hudhani vidonge vya wiki moja vitawatosha kwa mwaka. Mfano ulio karibu zaidi ni chandarua: hakiponyi malaria, na usiku usiposhusha, mbu wanakula.

Kipandauso lenyewe ni jina zuri, kitu kipandacho usoni. Wagiriki walisema hemikrania, nusu ya fuvu, ndiko ilikotoka migreni. Majina yote mawili yanataja mahali tu, na baada ya kugongwa kichwa maumivu yaweza kukaa pande zote mbili. Kinachoyatambulisha ni mapigo, kichefuchefu, na kuchukia mwanga na kelele.

Kwa kawaida, kichwa kinachotokana na mtikisiko huanza ndani ya siku 7, na wengi hupata nafuu bila dawa yoyote ya kila siku. Kikipita miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu. (Kutapika mara kwa mara, degedege, kuchanganyikiwa, mkono au mguu kulegea, au maumivu yanayozidi kila saa ni mambo ya kukimbiza hospitali, si ya makala hii.) Hakuna kidonge kilichobuniwa kwa ajili ya kichwa cha mtikisiko, daktari hutazama kinafanana na nini, kisha huazima. Na dawa nyingi za kukinga kipandauso ni za kuazima: propranololi ilikuwa ya moyo, amitriptilini ya sonona, topirameti ya kifafa. Kwa hiyo ukisoma karatasi ya ndani ya pakiti ukakuta "sonona", hujatukanwa.

Amitriptilini huanza na miligramu 10 saa moja au mbili kabla ya kulala, ikipandishwa 10 kila wiki moja au mbili. Palipo na vidonge vya 25 tu, huanzwa na nusu. Wengi hutulia kati ya 25 na 50. Inamfaa aliyepoteza usingizi baada ya ajali, ingawa hukausha mdomo, hufunga choo, na ikimezwa usiku wa manane humwachia mtu uzito wa kichwa asubuhi. Propranololi huweza kuanza na 20 au 40 mara mbili kwa siku. Mwenye pumu asiiguse, anayeona kizunguzungu akisimama amwambie daktari, na isikatwe ghafla. Topirameti huanza na 25 usiku na kupanda 25 kila wiki hadi 50 mara mbili. Huleta ganzi vidoleni na hukwamisha maneno, jambo baya kwa mtu ambaye ajali imeshamtia ukungu akilini. Hiyo na valproeti, dawa nyingine ya kifafa inayoazimwa, zinaweza kudhuru mimba.

Kipimo cha haki ni wiki 8 hivi kwenye dozi kamili, hesabu ikianzia siku dozi ilipotimia. Andika kila siku ya maumivu kwenye kalenda. Zikitoka 16 kwa mwezi zikawa 8, dawa imefanya kazi, hata kama hizo 8 bado zinakera. Nafuu ikidumu miezi 6 hadi 12, daktari huipunguza polepole.

Kalenda hiyohiyo ihesabu na vidonge vya kutuliza. Parasetamoli au ibuprofeni ikifika siku 15 kwa mwezi, au triptani (dawa za kutuliza kipandauso kikishaanza), tramadoli (dawa kali ya maumivu) na vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini kama Panadol Extra zikifika siku 10, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe huzaa kichwa kingine, na hapo kinga huonekana dhaifu bure.

Kwa hiyo "dawa ya kuzuia maumivu" tuwaachie wenye Panadol. Ile ya kila siku tuiite dawa ya kukinga, na anayeitoa dirishani aongeze maneno mawili: hata kisipouma.