"Single malt": kilicho kimoja ni kiwanda

Desemba iliyopita tulikuwa Moshi, kama kila mwaka. Shemeji yangu akamletea baba yake chupa ya wiski, Johnnie Walker Green Label, aliyoinunua uwanja wa ndege. Akaiweka mezani, akaisogeza pembeni Black Label ambayo mzee alikuwa amekwisha kujimiminia, akasema, "Baba, achana na hiyo ya kuchanganya. Hii ndiyo single malt, haijachanganywa na kitu." Mzee akashukuru, na jioni ile yote hakuigusa tena glasi yake. Neno hili nimelisikia likitumiwa hivyo baa, harusini na kwenye vikao vya kamati. Lakini kumwona baba mkwe akionea haya kinywaji anachokipenda, mbele ya wageni, nyumbani kwake mwenyewe, kuliniuma.

Maana yenyewe ni fupi. "Single malt" ya Uskoti ni wiski iliyotengenezwa kwa maji na kimea cha shayiri tu, pamoja na hamira ya kuumulia, ikakenekwa kwenye mitungi ya shaba katika kiwanda kimoja, ikalazwa kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko Uskoti kwa miaka isiyopungua 3, na ikatiwa chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kanuni za Uingereza za mwaka 2009 zinasema hivyo.

Kinachowachanganya watu ni hilo "single". Kwa Kiingereza limekaa mbele ya "malt" bila kuonyesha linahesabu nini, na kila mtu analijazia anachotaka. Kiswahili hakikuachii nafasi hiyo, kwa sababu "-moja" lazima ipatane na jina lake. Ni kimea kimoja? Pipa moja? Mpiko mmoja? Mwaka mmoja? Jibu ni kiwanda kimoja. Tungeiita "wiski ya kimea ya kiwanda kimoja", ubishi mwingi ungeishia hapo.

"Malt" nalo si neno geni kwetu, ni kimea. Siku hiyohiyo nyuma ya nyumba mama mkwe alikuwa ameanika cha kwake juu ya mkeka: ulezi uliolowekwa, ukafunikwa hadi ukatoa vijimizizi vyeupe vyembamba kama uzi, sasa unakauka ukisubiri kusagwa kwa ajili ya mbege. Mbegu ikianza kuota hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo huliwa na hamira, nayo ikatoa kilevi. Waskoti huifanyia shayiri vivyo hivyo, ila wao hukausha kwa tanuri. Wengine, hasa kisiwani Islay, huchoma mboji wakati wa kukausha, ule udongo mweusi wa mabwawani unaowaka taratibu, na moshi wake ukiingia kwenye kimea hautoki tena. Ndiyo harufu inayokupokea ukifungua wiski za huko kama Laphroaig au Ardbeg. Mwaka 1494 hesabu za mfalme wa Uskoti ziliandika kimea alichopewa mtawa John Cor atengenezee aqua vitae, Kilatini cha "maji ya uhai". Kigaeli wakasema uisge beatha, maana ileile, na kutokana na uisge tukapata wiski.

Sasa turudi kwenye kuchanganya. Chupa ya "single malt" unayoiona kwenye rafu, karibu kila mara, imechanganywa. Kiwanda huchukua mapipa mengi, ya umri tofauti, mengine yaliwahi kubeba bourbon, wiski ya Marekani, na mengine mvinyo wa sherry wa Hispania, kikayakusanya ili chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Namba ya miaka kwenye lebo, tuseme 12, ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Anayetaka pipa moja kweli atafute chupa iliyoandikwa "single cask". Zipo, na bei yake utaiona mwenyewe.

Kama bado unadhani "single" inahesabu nafaka, tazama aina nyingine inayotambuliwa na kanuni hizohizo, "single grain". Hiyo huwa na kimea cha shayiri na juu yake ngano au mahindi. Nafaka ni zaidi ya moja, na bado inaitwa "single", kwa kuwa imetoka kiwanda kimoja.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba watu wanalisikia neno "blended", yaani iliyochanganywa, na vichwani mwao linatafsirika kuwa "iliyochakachuliwa". Anayechakachua dizeli kwa mafuta ya taa anamficha mteja ili amuuzie kitu duni kwa bei ya kizuri. Anayechanganya wiski ameandika kwenye lebo kwamba amechanganya, na kazi hiyo ndiyo anayolipwa. Majani ya chai yanayonunuliwa mnadani Mombasa huchanganywa na ya nchi nyingine kabla ya kutiwa kwenye vifuko vinavyouzwa Uingereza, na hakuna anayesema chai hiyo ni feki. Mbege yenyewe ni ndizi na ulezi. Tungekunywa nini ikiwa kuchanganya ni dhambi?

Wiski za mchanganyiko kama Black Label, yaani ya kimea pamoja na ya nafaka nyingine, zina historia yake. Mwaka 1830 Aeneas Coffey alipata hataza ya mtambo unaokeneka bila kusimama. Ulitoa pombe laini ya nafaka, nyingi na kwa gharama ndogo, tofauti na mitungi ya shaba inayopikwa mpiko mmoja baada ya mwingine. Miaka ya 1850 Andrew Usher wa Edinburgh alikuwa akiuza wiski aliyoichanganya, na sheria ya mwaka 1860 ikaruhusu kimea na nafaka vichanganywe kabla ya kulipiwa ushuru. Wenye viwanda vya kimea walilalamika kwamba ile ya nafaka si wiski halali. Ubishi ukafika kwenye Tume ya Kifalme, nayo mwaka 1909 ikakubali kwamba zote ni wiski. Zile za mchanganyiko ndizo zilizoipeleka Scotch, yaani wiski ya Uskoti, duniani kote, na viwanda vingi vya kimea vinavyosifiwa leo viliishi miaka yote hiyo kwa kuwauzia wachanganyaji.

Hata wenyewe wenye kampuni wamewahi kuteleza kwenye maneno haya. Mwaka 2003 kampuni ya vinywaji ya Diageo ilikuwa na upungufu wa Cardhu, "single malt" yake mojawapo, ikaongezea kimea cha viwanda vingine na kubadilisha lebo kutoka "single malt" kuwa "pure malt", chupa ikabaki karibu ileile. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata iliondolewa. Kanuni za 2009 zikapiga marufuku neno "pure malt" kwenye Scotch na kuweka jina moja kwa kimea cha viwanda zaidi ya kimoja: "blended malt".

Kuhusu ladha sina la kumwamuru mtu. Mimi napenda Talisker, ule moshi na chumvichumvi ya kisiwa cha Skye, lakini jioni nyingi zaidi utanikuta na Jameson ya Ireland, kwa sababu ni laini na siku imekuwa ndefu. Baba mkwe anaizimua Black Label yake kwa maji ya baridi, nusu kwa nusu, na wapo wanaomcheka kwa hilo pia. Wachanganyaji wa viwandani wenyewe wanapoinusa wiski huizimua hadi karibu asilimia 20, kwa kuwa kilevi kikali huficha harufu. Asilimia 40 nusu kwa nusu ni 20, kwa hiyo mzee anafanya hesabu yao bila kuambiwa.

Kwa hiyo shemeji, nakuambia kwa upendo: zawadi yako ilikuwa nzuri na mzee ataifurahia. Ila ichukue ile chupa uisome tena. Imeandikwa "blended malt". Ni kimea kitupu, kweli, bila nafaka nyingine, lakini kimetoka viwanda vya Talisker, Linkwood, Cragganmore na Caol Ila, vikachanganywa vyote pamoja, na umri wake ni miaka 15. Ukitaka kumletea "single malt" Desemba ijayo, tafuta chupa yenye jina la kiwanda kimoja na maneno hayo mawili, na ukiiweka mezani iache Black Label ilipo.