Nani anachora fremu ya dirisha lako?

Kwenye Linux, KDE na GNOME ni miradi miwili ya mazingira ya eneo-kazi; ya KDE huitwa Plasma. Fungua Kate, kihariri matini cha KDE, ndani ya GNOME: upau wa juu wa dirisha una sura ngeni, vitufe havifanani na vya majirani. Fanya kinyume, programu ya GNOME ndani ya Plasma, upau unakuja mnene na umejaa vitufe vya programu yenyewe. Wengi hukimbilia kupakua mandhari nyingine. Haisaidii, maana upau ule unachorwa na mtu mwingine.

Kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, msimamizi wa madirisha ndiye aliyeichora fremu. Programu ilileta yaliyomo tu, ndiyo maana xterm ya kale (dirisha la amri) na GIMP (kihariri picha) zilivaa sare moja. Mwaka 2013 GTK 3.10, zana za kujengea programu zinazotumiwa na GNOME, ikaleta upau unaochorwa na programu yenyewe, na GNOME ikaupokea kwa mikono miwili. Unaokoa nafasi kwenye skrini ndogo, hilo sibishi.

Wayland, mrithi wa X11, ikaufanya mtindo huo kuwa wa kawaida: programu hujichorea. Ipo itifaki ya nyongeza, xdg-decoration, ambayo kwayo programu huomba ichorewe. KWin, msimamizi wa madirisha wa KDE, inaikubali. Mutter, mwenzake wa GNOME, haina. Basi mchezo uliojengwa juu ya SDL, maktaba ya kutengenezea michezo, hulazimika kuazima maktaba ya kuchora fremu, libdecor, la sivyo dirisha linatokea uchi, bila hata kitufe cha kufungia. Hapa mimi nawalaumu GNOME. Mwenye programu ndogo asibebeshwe kazi ya useremala wa fremu.

Rangi ni kesi nyingine. GTK na Qt, zana za kujengea programu zinazotumiwa na KDE, kwa kawaida hazisomeani mandhari; GNOME yenyewe ilianzishwa 1997 kwa kutoridhika na leseni ya Qt. Tangu GNOME 42 (2022), programu za libadwaita, maktaba ya sura ya GNOME, hazijali mandhari ya GTK uliyochagua, ila hufuata chaguo la mwanga au giza. Programu zilizofungashwa kwa Flatpak zimefungiwa chumbani, kwa kawaida hazioni folda yako ya mandhari, .themes.

Kwenye Plasma, chagua Breeze, mandhari ya KDE, kwa programu za GTK, na kwenye Firefox washa upau wa kichwa kupitia ukurasa wa kupanga vitufe. Kwenye GNOME, programu ya qt6ct hurekebisha rangi na fonti za Qt 6. Ila GTK_THEME, kigezo cha kulazimisha mandhari, msiiweke kwenye .profile, faili inayosomwa unapoingia: ni ya majaribio, na huwa inaziharibu sura programu za libadwaita.